Wanijua mie?

Meli haijafunga gati vizuri pale Mkoani, Pemba, mtu kashanikamata mkono. Kofia ya kiua, meno mawili ya mbele hana, anacheka hadi machozi. "Wanijua mie?"

Aliyekaa nje miaka 21 kama mimi anaijua hofu ya swali hili. Si salamu hiyo, ni mtihani, na wapagazi nao wamesimama wasikie majibu. Sura yake naijua. Najua alivyokuwa hodari wa kuchokoa pweza, najua kwao palikuwa na mfenesi nyuma ya jiko. Jina? Wapi! Nikabahatisha: "Hamad!" Maana Pemba ukitupa Hamad, au Faki, au Kombo, hukosi sana.

"Hamad kaka yangu. Mie?"

Nikakwepa: "Mama hajambo lakini?"

"Mama si alishafariki, na wewe ndo ulopiga simu kutupa pole!"

Nilitamani nirudi melini. Mwisho akanitajia mwenyewe, nikaapa sitolisahau tena. Tulipofika Chake, jina lilikuwa limeshateremka njiani, sijui kituo gani.

Nilidhani Leicester, kule Uingereza nilikokaa, ndiyo iliyoninyang'anya majina. Kule kazini kila mtu kalibandika jina lake kifuani, kwa hiyo miaka yote hiyo sikukumbuka jina la mtu, nilikuwa nasoma tu. Lakini jioni ile kwa shangazi, Wete, niligundua kuwa hata waliobaki hawana nafuu.

Msimu wa karafuu. Tumekaa mkekani tunachambua: shada mkono mmoja, unalipindisha kwenye kiganja cha pili, karafuu huku, makonyo kule, na vidole vinanata mpaka unaogopa kujikuna jicho. Shangazi akataka maji. "We Salum! Khamis! Asha! Lo, wewe hapo!" Kapitia wajukuu, kampitia hadi marehemu mumewe, ndo akanifikia mimi.

Kisha likazuka la mwalimu wetu wa hesabu. Baiskeli yake ya Phoenix tunaikumbuka, na kengele isiyolia. Tunakumbuka alivyokuwa akipiga chafya tatu kabla ya kunyanyua bakora, na kwamba mkewe katoka Micheweni.

"Mkewe si yule Mama… Mama nanihii."

"Mama nanihii, ndiye!"

Tukasonga mbele kama tumepata kitu. Binamu yangu akashikilia kuwa jina linaanza na S. Akalitoa Sleiman, tukalikataa wote, na toka hapo kila ukifungua mdomo linakuja Sleiman tu, limekaa mlangoni halimpishi mwenziwe.

Wanaochunguza mambo ya ubongo wanasema umri ukisogea majina ya watu ndiyo hutangulia kuponyoka, kwa sababu jina halina pa kulishikia. Ukiambiwa mtu ni mvuvi, huja na ngalawa yake, dema lake na shombo yake. Ukiambiwa Juma, huja nini? Labda Ijumaa, na hiyo nayo ina akina Mwanajuma na Bijuma wanaigombania. Mimi nasema tusingekuwa na "nanihii" tungeshakuwa mabubu zamani, hasa sisi wa miaka sitini kwenda mbele.

Tukalala bila jina. Saa saba usiku, nyumba kimya, nasikia ukuta wa pili shangazi anapiga ukelele: jina la mwalimu, la baba yake na la babu yake, yote matatu kwa mpigo. "Ndiye!" nikamjibu gizani. Tukacheka kila mtu chumbani kwake, usingizi ukanichukua hapo hapo.

Asubuhi, chai mezani, mkate wa ajemi bado wa moto, nikamuuliza: "Shangazi, ati usiku ulinambia nani?"

Akaweka kikombe chini. Akaitazama dari.

"Nilikwambia nani nini?"