Sare Niliyoikataa

"Sare, kijana?"

Mzee niliyekuwa nikicheza naye sataranji alinong'ona baada ya kusogeza ngome yake, kisha akabonyeza saa. Ilikuwa hatua ya 58. Meza za jirani zilikuwa zimeshamaliza.

Kadi ya mezani ilionyesha kiwango cha 1480 mbele ya jina langu na 1880 mbele ya lake. Kwa hesabu ya Elo, mfumo wa kupima uwezo wa wachezaji, pengo la pointi 400 maana yake katika michezo 11 mnyonge anatarajiwa kuambulia pointi moja. Nusu pointi ingekuwa neema. Na ubao wenyewe ulisema sare: nilimzidi askari mmoja tu, wa safu ya g, mfalme wake amemziba njia, ngome yake inalinda mstari wa sita. Hiyo ndiyo kinga ya Philidor, inayojulikana tangu karne ya 18.

Sikumjibu. Nilisogeza ngome, na kwa kanuni hilo linatosha kuikataa sare.

Kinga hiyo ina sharti: ngome isiondoke mstari wa sita kabla askari hajaufikia. Nilitaka kuona kama bado analikumbuka sharti hilo baada ya karibu saa nne za kukaa, huku saa yake imebaki na dakika mbili.

Hatua ya 64 akaiondoa, akakimbilia kunipiga shaha, yaani kumtishia mfalme wangu, kutoka nyuma.

Mfalme wangu akapenya. Baada ya hatua kadhaa alikuwa mraba wa g8, askari g7, ngome yangu f1; mfalme wake e7, ngome yake h2. Moyo ulinidunda hadi masikioni, maana hapo napajua. Ni msimamo wa Lucena, ambao mwenye askari hushinda akijua njia. Kaka yangu alinifanyisha usiku kwa usiku, yeye akitetea, hadi mkono ukazoea wenyewe.

Ngome e1, shaha. Mfalme wake akaenda d7. Ngome e4, mahali ambapo haionekani kufanya lolote. Kisha mfalme wangu akatoka f7, akapigwa shaha baada ya shaha, akashuka taratibu mpaka g5, na ilipokuja shaha ya mwisho ngome ya e4 ikaingia g4 kumkinga. Mzee akautazama ubao kwa muda mrefu, akanipa mkono.

Tulipokwisha kutia saini karatasi, hakuondoka. Alizipanga kete upya, akairudisha ngome yake mstari wa sita.

"Hapa," alisema. "Nilipaswa kukaa hapa. Haya, jaribu tena."

Tukaucheza mara tatu. Zote tatu zikatoka sare.