Mchezo wa chukudu: eq ilininyima usingizi siku tatu

Imetembea! Siku tatu nagombana na mustari moja tu, umeme unakatika katikati, narudia. Wenye mnafatilia huu mchezo wangu (chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inashuka mlima; naandika kwa Common Lisp ndani ya SBCL, na CFFI njo inaita SDL2, maktaba ya C ya madirisha na picha) mnajua niliahidi sauti wiki hii. Sauti haiko, tuiache kwanza.

Kila dirisha na kila tekscha (picha yenye SDL inachora) naweka ndani ya hash table ya eq, yaani jedwali la kutafuta kwa ufunguo, na eq njo inauliza kama vitu viwili ni kitu kimoja kabisa; ufunguo ni pointa (anwani ya kumbukumbu) yenye C ilinipa. Mtu anabofya, naita SDL_GetWindowFromID, napata pointa, natafuta mule ndani: NIL, yaani hakuna kitu. Nikaziprinti zote mbili, yenye niliweka na yenye nimepata, kwenye SLIME (mazingira ya Lisp ndani ya Emacs):

#.(SB-SYS:INT-SAP #X7F3C5400A2E0)
#.(SB-SYS:INT-SAP #X7F3C5400A2E0)

Herufi kwa herufi! Na eq bado inakatala. Nikalaumu SDL, nikalaumu kompyuta, nikasafisha fasl zote (faili zenye zimekompailiwa) bure.

Kumbe pointa ikitoka C, SBCL inaifunga kwenye kisanduku kipya, na eq inaangalia kisanduku. Ni kama vikaratasi viwili vyenye namba ya parseli moja, mmoja anakuambia si parseli moja juu karatasi ni mbili. cffi:pointer-eq, yenye inalinganisha anwani zenyewe, ikanipa T (ndiyo) papo hapo, ila hash table ya kawaida haiijui hiyo, basi ufunguo nikafanya (cffi:pointer-address p), namba tupu, jedwali la eql, yenye inalinganisha namba kwa thamani. Najua madirisha yako na ID zake, ningeweza kutumia hizo kama ufunguo, lakini tekscha je?

Nikafurahi kama saa moja hivi. Halafu chukudu ikatokea na upana wa wingu, imetandazwa skrini nzima kama chapati! Nilikuwa nimeua tekscha ya wingu na SDL_DestroyTexture bila remhash (kuitoa ndani ya jedwali), chukudu ikapewa anwani ile ile, jedwali likanirudishia vipimo vya marehemu. Ni kama parseli za mji wa Goma kisha volkano ya Nyiragongo ya 2002, namba ni ile, nyumba ni nyingine. Sasa kuua na remhash viko ndani ya funksheni moja, na juu yake kila anwani iko na objekti moja tu ya CLOS (mfumo wa objekti wa Lisp), kwa hiyo huko juu natumia eq bila woga.

Bila inspekta ya SLIME (ya kuchungulia ndani ya vitu programu ikiendelea) ningekuwa bado nalaumu SDL, msiniambie habari ya zile editori zenu za kurembesha. Na hiyo inspekta njo imenipa wazo, nataka kidirisha pembeni kionyeshe tekscha zote zenye ziko hai na anwani zake mchezo ukiendelea. Nimeshaanza, iko inachora visanduku vyekundu tu kwa sasa.