Siku moja maishani mwangu: kutoka kamba za chaza hadi jeni za lulu

Saa 11:30 alfajiri

Nikitoka kuswali naangalia jedwali la maji kabla hata ya chai. Leo ni bamvua. Maji yatakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi, na hapo ndipo kamba wanakoning'inizwa chaza wa kufugwa zinapofikika kwa miguu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Unguja, na kazi yangu ni kuchunguza jeni zinazomwezesha chaza wa lulu kujijengea kombe lake.

Saa 1:00 asubuhi

Napitia maabara kuchukua barafu, glavu na vichupa. Mezani kuna bakuli la kioo ambamo nilitumbukiza kipande cha kombe kwenye asidi hafifu. Povu limekwisha, madini yote yameyeyuka. Nainua kilichobaki kwa kibano: utando mwembamba wa kahawia hafifu, laini, unaning'inia, lakini mistari ya ukuaji wa kombe bado inaonekana juu yake.

Watu wakiliona kombe hudhani ni jiwe tu. Ni kweli kwamba takriban asilimia 95 ya uzito wa tabaka la lulu ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya mawe ya chokaa. Lakini ile asilimia tano iliyobaki, yaani huu utando wa protini na kitini (ile dutu ya magamba ya kaa), ndiyo inayoamua fuwele zianzie wapi, zilale vipi na zikome wapi. Ndiyo maana chokaa ukiigonga inapukutika, na kombe linakugomea. Na kila protini iliyomo humu imeandikwa kwenye jeni. Siwezi kuuona utando huu nikapita tu. Kila mara husimama nikaugeuzageuza.

Saa 3:45 asubuhi

Bweleo, kwenye rasi ya Fumba. Kina mama wa huku walizoea kuokota chaza na makombe maji yakipwa. Sasa wapo wanaofuga chaza kwa ajili ya nusu lulu. Kipande cha plastiki chenye umbo la nusu tufe hugundishwa ndani ya kombe la chaza aliye hai, naye hukifunika kwa lulu, tabaka juu ya tabaka. Baada ya miezi mingi hukatwa, kikasuguliwa, kikawa kidani au hereni.

Namsalimu mmoja wa wafugaji hao, bibi mwenye kamba tunazochukulia sampuli. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwakata tena wanangu?"

"Ukingo tu, bibi. Nyama itaota."

Ananicheka, ananishikia ndoo, tunaingia majini.

Chaza wetu ni *Pteria penguin*, mweusi kwa nje, kombe limechomoza upande mmoja mithili ya bawa. Unamtoa kwenye kamba kwa kukata nyuzi anazojishikizia, unamsugua majani ya bahari, unasubiri ajiachie kidogo, halafu unapenyeza kabari. Ndani kunameta fedha na kijani. Juu ya mng'ao huo limelala joho, yaani ule utando wa nyama unaotanda ndani ya kombe lote na kutoa vitu vinavyolijenga. Nikiligusa kwa ncha ya mkasi linarudi nyuma haraka. Nakata kipande kidogo ukingoni, kingine ndani zaidi, kila kimoja kwenye kichupa chake, moja kwa moja kwenye barafu. Ninachokitaka ni RNA, nakala za jeni zinazofanya kazi wakati huo, nayo huharibika upesi sana. Hata vimeng'enya vya vidoleni mwangu vinaweza kuimaliza, kwa hiyo glavu hazitoki mkononi.

Vipande ni viwili kwa sababu joho limegawana kazi. Ukingo hutengeneza tabaka la nje, la madini ya kalisaiti. Sehemu ya ndani hutengeneza lulu yenyewe: vibamba vya aragonaiti, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanga ukipita katika tabaka hizo ndipo tunapoona zile rangi. Kemia ni moja, kalsiamu kaboneti tupu, lakini jeni zinazowaka pale ukingoni siyo zote zinazowaka kule ndani.

Tukirudi ufukweni bibi ananiuliza swali ambalo sitaki kulijibu kwa haraka: mbona chaza wa kamba moja, maji mamoja, huyu anatoa lulu inayong'aa na yule imefifia?

Saa 7:15 mchana

Wali na pweza wa nazi. Mababu wa pweza walikuwa na kombe. Dome bado analo, limejificha ndani ya mwili. Lile ganda jeupe jepesi tunaloliokota ufukweni ndilo hilo. Ngisi amebakiwa na uti mwembamba wa kitini. Kupoteza kombe nako ni mageuko.

Saa 8:30 mchana

Vichupa vya leo vinaingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mashine ya PCR, inayonakili vipande vya jeni hadi viweze kupimwa, inapokea sampuli za safari iliyopita, na huku inazunguka mimi naandaa maelezo.

Tunayoyajua mengi yametoka kwa chaza wa Japani, *Pinctada fucata*. Mwaka 1996 ilitambuliwa humo protini iitwayo nakreini, yenye kimeng'enya kinachogeuza kabonidayoksaidi kuwa baikaboneti, malighafi ya kombe. Kimeng'enya cha ukoo huo kimo pia kwenye chembe nyekundu za damu yangu na yako. Mwaka 2009 ikaja protini ya Pif: watafiti walipoififisha jeni yake, vibamba vya lulu vilikua ovyo ovyo. Pif nayo ina kipande kinachofanana na sehemu ya protini inayosaidia damu ya binadamu kuganda. Vifaa vya zamani, vimepewa kazi mpya.

Kisha kuna utafiti wa mwaka 2010 ambao kwangu ndio mzuri kupita yote. Walichukua chaza *Pinctada maxima* na konokono wa baharini *Haliotis asinina*, wote wawili wakiwa na lulu ndani ya kombe, wakalinganisha jeni zinazofanya kazi pale lulu inapotengenezwa. Zinazofanana zilikuwa chache mno. Ni mafundi wawili wa visiwa mbalimbali waliounda dau lile lile, kila mmoja kwa zana zake. Moluska wamekuwa na makombe kwa zaidi ya miaka milioni 500, lakini orodha ya protini za kulijengea haikutulia: jeni zinajinakili, vipande vinavyojirudia ndani yake vinarefuka na kufupika, mpya zinaingia. Anayesema kombe ni kitu cha kale kisichobadilika aangalie hapa.

Saa 11:10 jioni

Matokeo. Vianzio vyangu, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha mashine jeni ya kunakili, nilivitengeneza kwa kufuata jeni za *Pinctada*, jamaa wa karibu wa chaza wetu. Kwa nakreini mstari kwenye skrini unapanda vizuri, maana yake jeni imepatikana, ukingoni na ndani pia, kama kwa binamu yake wa Japani. Kwa zile protini zinazobadilika upesi, mstari umelala chini, vianzio havikushika. Ningeweza kuhangaika navyo wiki nzima, lakini naona njia ya mkato haipo: lazima tusome RNA yote ya joho la chaza wetu wenyewe, tusiendelee kumtazama kupitia ndugu zake wa Asia.

Saa 2:00 usiku

Namwandikia msimamizi wangu kuomba hilo, na naambatanisha mpango: chaza wenye lulu inayong'aa upande mmoja, wenye lulu iliyofifia upande mwingine, kutoka kamba moja, wakatwe joho siku moja. Vibamba vyao nitavipima kwa hadubini, kwa kuwa mng'ao hutegemea unene na mpangilio wake, na hivyo huguswa na jeni, chakula na joto la maji pia. Kisha nampigia bibi simu, namwomba aanze kuwatia alama chaza wake kuanzia kesho, wazuri kwa uzi mwekundu, waliofifia kwa mweupe. Ananiuliza nailoni au pamba. Nailoni, bibi.