Nikifuata jogoo wa Bracquemond hadi Montereau

Ndani ya jumba la makumbusho la Musée d'Orsay watu hukimbilia picha za ukutani. Mimi niliuliza vilipo vyombo vya mezani, kwa sababu kilichonileta Paris ni seti ya vyombo vya udongo iitwayo Rousseau, ya mwaka 1866.

Niliinama mbele ya sahani moja nikakaa hapo. Jogoo aliyechorwa humo hakuwekwa katikati kama tulivyozoea. Amesogea pembeni, karibu na ukingo wa buluu, na ng'ambo yake kuna mdudu mdogo tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyeupe, na weupe huo ndio unaoipendeza sahani.

Félix Bracquemond, msanii Mfaransa aliyebuni michoro ya seti hiyo, hakuchora sahani mojamoja. Alichora kwa sindano kwenye mabamba ya shaba, kila bamba likijaa viumbe: jogoo, bata, samaki, kambakochi, kereng'ende, na maua. Wengi aliwatoa katika michoro ya wasanii wa Japani kama Hokusai. Wapo wanaomwita mwigaji kwa hilo. Mimi nakataa, maana mpangilio ule juu ya udongo hakuukuta katika michoro hiyo. Mabamba yalipopigwa chapa, mafundi walishika mkasi, wakamkata kila kiumbe peke yake na kumbandika kwenye chombo, kisha chombo kikaingia tanurini. Moto uliila karatasi, mistari ikabaki, na rangi zikajazwa kwa mkono. Yaani ni michoro iliyotengenezwa ili iungue. Ndiyo maana karatasi chache zilizosalia nzima, viumbe wakiwa wamesongamana bila sahani, zinanigusa kuliko vyombo vyenyewe.

Kesho yake nilipanda treni Gare de Lyon. Baada ya kama saa moja nilishuka mji wa Montereau, mto Yonne unapoingia Seine. Vyombo hivi vilitoka kwa kampuni ya Creil-Montereau, na tanuri za hapa zilizimwa mwaka 1955. Nilitembea kandokando ya maji nikiwawaza wale wa mkasi. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1867 Paris, seti ilisifiwa sana. Inaitwa kwa jina la Eugène Rousseau, mfanyabiashara aliyeiagiza. Bracquemond naye anatajwa kila mahali. Waliobandika jogoo pembeni badala ya katikati, kipande kwa kipande, sijaona jina lao kwenye kibao chochote, na ningependa liandikwe.