Siku redio ilipomtaja Butoyi

Kwetu redio ilikuwa ya mzee, familia tulikuwa tunasikilizishwa tu. Ni ile National ndogo ambayo nchi nzima walikuwa wanaiita mkulima, imevalishwa koti la ngozi lenye vitobo mbele, inaning'inia kwenye msumari juu ya kiti chake na ole wako uiguse. Betri zikichoka mama anazianika juani juu ya bati, zinapata nguvu kidogo za siku mbili, zikigoma kabisa ndio tunapewa watoto tuchezee.

Sasa Ngara iko kona ya nchi, Burundi upande huu, Rwanda upande ule, na Dar es Salaam iko mbali huko hata ukiitaja unaona kama unadanganya. Mchana ukitafuta RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, unamsikia mtangazaji kama anaongea akiwa ndani ya debe, halafu anapotea, halafu anarudi taarifa ishapita. Usiku ndio inakaa vizuri, kwa hiyo saa mbili usiku ngoma za taarifa ya habari zikilia nyumba nzima kimya, hata mbuzi nadhani walikuwa wanajua. Lakini Radio Burundi na Radio Rwanda zilikuwa zinaingia tu zenyewe bila kuhangaika. Na sisi Wahangaza Kirundi hatufundishwi, lugha yetu na yao ni mtu na mdogo wake, kwa hiyo nimekua nasikia habari za Bujumbura kabla sijajua Dodoma iko wapi. Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hilo lilikuwa linamuuma sana, anasema nyie watoto mtakuja kuandika mtihani wa nchi ya watu.

Butoyi alikuja kwetu mwishoni mwa mwaka 1993. Rais wao Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka ule na Warundi wakaanza kuvuka, wengine walipelekwa kambini na wengine walibaki vijijini kwa watu, maana mpaka wenyewe ni mstari tu wa kwenye ramani, huku na kule tumeoana. Yeye alikuja na kundi la watu kutoka Muyinga ambao hawakuwa ndugu zake, walimkuta njiani akilia wakamwambia afuate, wakafika kwetu wakaomba maji, na asubuhi walipoondoka yeye alikuwa bado amelala jikoni. Mama akasema muacheni. Ndio hivyo tu, hakuna kikao kilichokaa. Alikuwa na miaka kama nane, mimi tisa.

Butoyi sio jina la kipekee, kwa Warundi mapacha wa kwanza kutoka anaitwa Bukuru na wa pili ni Butoyi, awe wa kiume awe wa kike. Kwa hiyo ukienda kambini ukaita Butoyi wanageuka watu ishirini. Wetu alikuwa anajua jina la baba yake, jina la mlima wao, maana kwa Warundi mlima ni kama kijiji kwetu, na kwamba Bukuru wake alikufa akiwa mchanga, alisikia tu akisimuliwa. Basi. Mama yake alikuwa anamwita mama, angemwita nani.

Halafu ikaja 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Sitaki kuirefusha hii maana wengi mnaijua, mwisho wa mwezi wa nne Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, Benaco ambayo ilikuwa jina la kambi ya kampuni ya Waitaliano waliojenga barabara ikageuka mji mkubwa kuliko mji wowote tuliowahi kuuona. Ninachokumbuka mimi mtoto ni redio. Mtu hana viatu, hana sufuria, ana redio begani imefungwa na kamba. Na mzee alikuwa ameshasikia habari za ile redio ya Kigali, RTLM, ilivyokuwa inawataja watu wakauawe, huku katikati inapiga muziki mzuri kabisa watu wanacheza. Kuanzia hapo akapiga marufuku. Nyumbani kwake hakuna kusikiliza redio inayoongea Kirundi wala Kinyarwanda, iwe ya nani. Hata BBC walipoanzisha mwaka uleule kile kipindi cha Gahuzamiryango, jina lenyewe maana yake kinachounganisha familia, wanasoma majina ya watu wanaotafutana, mzee hakutaka kusikia. Mama alikuwa anakifuata kwa jirani, anajifanya ameenda kuomba moto.

Basi 1995 Radio Kwizera ikafunguliwa Ngara mjini. Waliianzisha wale Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, JRS, kwa ajili ya makambi. Kwizera ni kuamini, ni kutumaini pia, inategemea na unavyolitumia. Sasa fikiria hii kitu. Redio za watu binafsi Tanzania ziliruhusiwa kwa sheria ya 1993, Dar wamepata Radio One na ITV 1994, huko mikoani miji mikubwa tu bado wanasubiri, halafu wilaya ambayo gazeti la leo linasomwa keshokutwa, na umeme ni wa jenereta za mashirika, inapata redio yake. Na tuliipata kwa sababu ya wakimbizi, hilo tuseme ukweli, sisi wenyeji tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha mwavuli wa mwenzetu.

Shida ni kwamba mkulima ya mzee ilikuwa haina FM. Mama akamaliza hilo suala kimyakimya, akaenda soko la Benaco na debe la maharage akarudi na redio ndogo nyeusi ya mkononi, antena yake imekatika imeungwa na waya, na tuliificha kwenye kapu la vitunguu. Pale soko la Benaco ulikuwa unapata chochote siku hizo, mahindi ya njano ya mgao, mafuta kwenye makopo yaliyoandikwa USA, blanketi, mpaka turubai.

Siku ya kwanza kuiwasha walikuwa wanaongea kwa Kiswahili habari za kisima kilichoharibika, wakataja kijiji cha jirani. Aisee. Tuliangaliana. Butoyi akasema wametaja pale kwa bibi! Mimi maisha yangu yote redio ilikuwa inataja Ikulu, Bunge, Simba na Yanga, Umoja wa Mataifa. Kumbe redio inaweza kutaja kisima ambacho mimi nimewahi kukitumbukizia ndoo.

Nirudi kwenye siku yenyewe. Ilikuwa 1998, Wanyarwanda walisharudishwa kwao Desemba 1996, karibu nusu milioni walipita barabarani wakielekea Rusumo, wamebaki Warundi kule kambi ya Lukole. Mimi nilikuwa darasa la saba. Mama aliamua tumtangaze Butoyi. Alishakuwa kijana wa miaka kumi na tatu hivi, anachunga mbuzi wetu, na mama alikuwa anasema usiku kuna mwanamke mahali fulani anamlilia huyu mtoto na mimi nimemkalia. Akaniandikisha kwenye karatasi ya daftari: Butoyi, wa Muyinga, mwana wa fulani, mlima fulani, alitengana na wazazi 1993, yupo kwa familia ya kijiji hiki. Nikachukua baiskeli ya mzee, Phoenix, nikadanganya naenda kwa mjomba, zaidi ya saa mbili za kupanda na kushuka, zaidi kusukuma kuliko kuendesha, nikafika mjini jasho limelowanisha karatasi, mlangoni wakaipokea, wakanisomea kuhakikisha, nikarudi. Nilitegemea nitaona mitambo. Sikuona hata waya.

Siku mbili baadaye jioni, tupo jikoni, kapu la vitunguu linaongea kwa sauti ya chini, na likasema Butoyi. Yule mtangazaji alikuwa mwanamke, ana sauti ya kutulia kama mtu anayesoma barua ya nyumbani, akasoma jina, mkoa, baba, mlima, vyote kwa Kirundi halafu akarudia kwa Kiswahili. Butoyi alikuwa anamenya ndizi. Hakusimamisha kisu. Ila mlangoni mzee alikuwa amesimama, sijui tangu saa ngapi. Nikasema leo tumekwisha. Akamuuliza mama, hiyo ni stesheni gani, mama akasema ya Ngara, ya hapa. Akasikiliza mpaka matangazo yakaisha, akaondoka kwenda kuvuta kiti chake. Hakusema neno. Mzee wangu akinyamaza ilikuwa ngumu kujua umesamehewa au unasubiriwa.

Siku ya nne alfajiri akaja mwanamke.

Alikuwa mrefu, mwembamba, ana kitenge kilichofifia kimefungwa begani, na pembeni yake msichana wa umri wa Butoyi. Ametoka Lukole usiku, wamepita maporini kwa sababu kutoka kambini bila kibali ilikuwa kesi. Alisimama uani, akasema amahoro, kisha akasema nimekuja kumuona mtoto wa redioni. Mama akakimbia kuleta kiti, akaita Butoyi, Butoyi akatoka zizini na miguu ya matope. Halafu yule mama akamwonyesha msichana akasema, huyu ni Bukuru.

Sijui nielezeje. Sisi wote tuliokuwa pale uani tulianza kufanya kitu kimoja, kuangalia sura hii na kuangalia ile, pua, masikio, vidole vya miguu. Kuna sekunde nilikuwa nimeshaona wanafanana. Mama yangu alishaanza kulia. Msichana mwenyewe alikuwa anamkodolea Butoyi macho kama anayejaribu kukumbuka wimbo.

Yule mama hakulia. Akamwambia Butoyi njoo, akamgeuza, akamvuta kola ya shati akaangalia nyuma ya shingo. Akampandisha mkono wa shati, akaangalia kiwiko. Akamuuliza kwa sauti ya chini, ng'ombe wetu yule mwekundu ulikuwa unamwitaje? Butoyi akasema sikumbuki. Akamuuliza, baba yako nani? Akamtajia. Na mimi nikawa nawaza, jamani si lilisomwa redioni jina la baba, mbona anauliza.

Kumbe hakulisikia. Redio ilikuwa ya jirani yake kambini, yeye alikuwa amekaa nje ya blindi, kile kibanda cha turubai, kasikia Butoyi, kasikia Muyinga, kasikia jina la kijiji, akainuka kuingia ndani asikie vizuri na betri zikafa. Jirani akasema nyingine hana. Siku tatu alikuwa anaulizia watu, kila mtu kasikia lake, mmoja anamwambia ni mvulana, mwingine eti msichana, akaona bora aje aone kwa macho yake.

Akamrudishia Butoyi kola yake, akaikunjua vizuri kabisa na kuibonyeza kwa kiganja, akasema, siye.

Mama akampikia. Alikula, ndizi na maharage, alikula vizuri tu kama mtu aliyefanya kazi, hilo lilinishangaza nikiwa mtoto, nilidhani mtu wa hivyo hawezi kula. Wakalala kwetu mchana wote maana mchana wasingeweza kutembea. Msichana alimfuata Butoyi kwenye mbuzi, wakarudi wanacheka kitu, sijui nini, Butoyi hakuwahi kuniambia.

Jioni mzee akatoka ndani na daftari la shule na kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, hakuwa na nyingine. Akakaa mbele ya yule mama akaanza kumuuliza kwa Kihangaza, lugha ambayo pale nyumbani alikuwa haiongei mbele yetu ili tujue Kiswahili. Jina la mtoto. Butoyi. Jina la baba. Mlima. Alama. Kovu la moto nyuma ya shingo, akaandika. Ng'ombe mwekundu aliitwa nani, na hilo akaliandika. Alipomaliza akamsomea chote, akamuuliza kama kuna kilichosahaulika. Yule mama akafikiria sana, akasema waambie wasome taratibu.

Giza lilipoingia wakaondoka, mama amewafungia mihogo. Mzee akafungua mkulima yake, akatoa betri zote, akampa yule msichana azibebe.

Asubuhi mimi nikapanda tena Phoenix, safari hii kwa ruhusa. Mlangoni yule jamaa akasoma akaniuliza, si ulishaleta hii? Nikamwambia huyu ni Butoyi mwingine.

Lilisomwa jioni ya Jumamosi. Tulikuwa uani sasa, redio nyeusi iko juu ya kinu hadharani, mzee kwenye kiti chake. Mtangazaji yuleyule. Alisoma taratibu kweli. Alipofika kwenye jina la ng'ombe, Butoyi aliinuka akaenda kufunga mbuzi, na walikuwa wameshafungwa.