Menyu ya PDF nimeizika: nilivyoifanya tovuti ya mkahawa isomeke simuni

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa kuhusu tovuti ya mkahawa wetu wa Shangani, Zanzibar, ni huu: "Bosi, menyu tia PDF, imekwisha." Kijana aliyesema hivyo alikuwa mbele ya kompyuta ya kioo kikubwa, na pale kila kitu kilipendeza kweli. Lakini mgeni wa Mji Mkongwe hatafuti chakula na kompyuta. Yuko kichochoroni, jasho linamtoka, mkono mmoja simu, mwengine kamshika mtoto. Anataka kujua mko wapi, mmefungua au la, kuna nini kwa bei gani, na ampigie nani.

Hebu tuihesabu hiyo PDF. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kioo cha simu ni kama sentimita 7. Ukurasa unaminywa mara tatu, herufi za pointi 9 zinageuka pointi 3, ndogo kuliko maandishi ya karatasi ya dawa. Mteja akikuza, safu ya bei inatoka nje ya kioo. Akisogeza aione bei, jina la samaki limepotea. Na kwenye simu nyingi za Android faili linashushwa kwanza ndipo lifunguliwe. Kijana akasema tatizo ni uzito, akalibana. Uzito ukashuka, herufi zikabaki zile zile. Akarudi na dawa ya pili: kila ukurasa akaugeuza picha. Ndiyo kwanza mambo yakaharibika, maana kivinjari hutafsiri maandishi, si picha. Mtaliano aliyeteremka kutoka ufukwe wa Kiwengwa, kivinjari chake hakiwezi kumgeuzia kwa Kitaliano. Dawa ya tatu ikawa programu ya simu ya mkahawa. Mgeni analala Unguja siku nne, apakue programu kwa pweza wa nazi wa usiku mmoja? Nikamshukuru, nikaifanya mwenyewe.

Menyu niliiandika upya kama maandishi ya kawaida ya ukurasa, safu moja tu: jina, mstari mmoja wa maelezo, bei chini yake. Kamba na samaki wanaopanda na kushuka bei sokoni wana maneno "bei ya leo, uliza".

Kwenye kichwa cha msimbo wa ukurasa (sehemu ya head, mteja haioni) kuna mstari ambao mafundi wa bei poa huusahau: <meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">. Bila huo, simu hujifanya ina kioo cha pikseli 980, huchora ukurasa mzima kisha huupunguza. Usiongeze user-scalable=no, inayozuia kukuza, eti ionekane ya kisasa; wazee wa miwani wanahitaji kukuza. Maandishi yawe pikseli 16 kwenda juu, hata ndani ya visanduku vya fomu. Chini ya hapo iPhone huukuza ukurasa yenyewe mteja akigusa kisanduku, akabaki anatafuta kitufe cha kutuma kimekwenda wapi. Vitufe vyangu ni pikseli 48 kwa 48. Rangi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe hupendeza ofisini tu. Jua la saa saba mchana pale ufukweni Paje, ukurasa unakuwa mtupu. Uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na mandhari yake ndio wa chini kabisa.

Fundi akikwambia aifiche menyu kwenye simu aiache kwenye kompyuta tu, mkatalie. Google huorodhesha tovuti kwa kusoma toleo la simu, na ilikamilisha kuhamia huko 2023. Kisichokuwemo kwenye toleo la simu, kwake hakipo.

Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu huwa na kama pikseli 4,000 kwa upana na megabaiti 3 hadi 5, na kuta zetu nene za mawe na chokaa humeza mtandao. Nilizishusha hadi pikseli 1,200, nikazigeuza WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), kila moja chini ya kilobaiti 150; zile za chini ya ukurasa nikazitia loading="lazy", zisishuke mpaka mteja azikaribie. Video ya machweo iliyokuwa ikijicheza yenyewe niliifuta bila huruma. Machweo yapo bure bustani ya Forodhani, pale pwani.

Ninachojivunia hasa ni kitufe cha kuweka meza. Kiungo chake ni cha WhatsApp, wa.me/255 kisha tarakimu 9 za namba, bila sifuri ya mbele, bila alama ya kujumlisha. (Kiungo cha kupiga simu, tel:, ndicho kinachotaka +255.) Baada yake inakuja ?text= na ujumbe uliokwisha kuandikwa, nafasi kati ya maneno zikiwa %20. Mteja anajaza tarehe, idadi ya watu na saa, na mfano wa saa nimeuandika 20:00. Usidhani ni urembo. Mgeni akiandika "8" peke yake, mhudumu mwenye haraka anaweza kumwekea meza saa nane mchana.

Ramani sikuipachika, kwa sababu hushusha mafaili mengi kabla mtu hajaona bei. Niliweka kiungo kinachofungua ramani ya simu yake. Ila vichochoroni mawimbi ya setilaiti hugonga kuta ndefu, na ile nukta ya buluu huruka mtaa wa pili. Kwa hiyo chini ya kiungo nimeelekeza kwa maneno, anzia bustani ya Forodhani, bahari iwe mgongoni, nikamalizia na picha ya mlango wetu wa nakshi.

Saa za kufungua zipo juu kabisa. Ramadhani na masika nazibadilisha hapo, na siku hiyo hiyo kwenye wasifu wa biashara wa Google, la sivyo mgeni anakuta mlango umefungwa mchana na nyota moja tunaipata sisi.

Gharama? Jina la .co.tz na seva kwa mwaka havikufikia bili ya meza moja nzuri ya kamba.

Kujaribu, usiminye dirisha la kompyuta. Azima simu ya bei rahisi kuliko zote kwa wahudumu, zima Wi-Fi, ingia chumba cha ndani, fungua tovuti kwenye dirisha la faragha ili simu isikudanganye kwa ilivyohifadhi jana. Na msimbo wa QR wa mezani uelekeze kwenye ukurasa wa menyu, usielekeze kwenye faili; bei ya nguru ikibadilika usiku, huna haja ya kuchapisha stika mpya.