Tetesi za kupunguzwa kazi zikianza

Huanza na vitu vidogo. Mshahara wa tarehe 25 unaingia tarehe 4, posho ya nauli inakatwa, wakubwa wanakutana mlango umefungwa. Saa tisa usiku macho makavu: itakuwaje? Kitandani swali hilo halijibiki. Lijibu mchana, kwa daftari na kikokotoo.

Anza na stahiki zako, maana wengi huzikisia tu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa baada ya kutimiza miezi 12 kazini kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10. Tuseme msingi wako ni 600,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Gawa kwa 26, siku moja ni kama 23,077. Zidisha kwa 7, kisha kwa miaka 6 ya kazi, inakuja kama 969,000. Ongeza notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo uliyolimbikiza, na siku ulizokwisha kufanya kazi. Posho hazimo kwenye msingi, na hapo ndipo hesabu za wengi huvimba.

Gawanya jumla hiyo, pamoja na akiba, kwa matumizi ya lazima ya mwezi: kodi, chakula, umeme, ada, rejesho la mkopo. Ikitoka miezi miwili na nusu, angalau unajua unachokabiliana nacho. Mkopo mpya usiuguse kipindi hiki, hata wa kikoba.

Halafu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Fao la kukosa ajira hulipa 33.3% ya mshahara kwa miezi 6, kwa mwenye michango ya angalau miezi 18. Linganisha hati zako za mshahara na taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi. Makato yanaweza kuonekana kwenye hati na mwajiri asiwe amepeleka kitu, na ukiwa bado ndani ni rahisi zaidi kumdai.

Ukiletewa barua ya kujiuzulu "ili uondoke kwa heshima", tafadhali usisaini siku hiyo. Aliyejiuzulu mwenyewe hukosa kiinua mgongo na fao pia. Mwajiri anayetaka kupunguza watu anapaswa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana nao au chama chao. Akiruka hatua hizo, malalamiko yanapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Wengi huchelewa wakisubiri kuitwa tena.

Hofu yenyewe nayo ipangie muda: nusu saa jioni, kabla ya chakula, mwenzako wa nyumbani akiwepo. Kila wasiwasi uandike pamoja na hatua na siku yake: "Jumatano, NSSF." Usiokuwa na hatua ukate kwa mstari. Kundi la WhatsApp la kazini lizimie sauti kuanzia saa mbili usiku. Usingizi ukikataa wiki mbili mfululizo, nenda ukamwone daktari.